Elina Hakupiga Kelele

Wewe ungefanyaje, mke wa mwanao ameinamia benchi la wodi ya wazazi, jasho linamtiririka, na nesi anapita mara ya tatu bila hata kumtupia jicho?

Bibi Scolastika alishuka kutoka Matamba juzi, mabuti yake bado yana matope ya shambani. Mwanawe Rabson anapakia mbao kwenye malori hapo Makambako, ndiyo maana mkewe Elina amekuja kujifungulia kituo cha afya cha mjini. Mtoto wao wa kwanza alifia tumboni kwa sababu walichelewa kufika kituoni. Safari hii waliwahi. Beseni jipya lilikuwa miguuni, ndani yake kanga mbili, pamba, glavu na wembe, kila kitu kama kliniki walivyoandika.

"Kamwene, Sista," bibi alisalimu asubuhi walipofika.

"Hapa tunasema Kiswahili, bibi. Kaeni pale."

Wakakaa. Saa tano likaja gari dogo, akateremshwa mwanamke mwenye kucha nyekundu, anapiga mayowe mpaka njiwa wakaruka juu ya bati. "Nakufa jamani! Nakufa mie!" Nesi yuleyule, Lidia, akamkimbilia, akamshika kiuno, wakapitiliza ndani.

Bibi akalitazama gari lile. Kumbe ni gari. Kumbe ni kucha.

Kando yake Elina aliuma pindo la kanga. Alikuwa amefundwa na bibi mwenyewe: mzazi hapigi kelele, kelele ni aibu ya ukoo. Hata asubuhi ile, wakifunga beseni, aliambiwa tena, "Usije ukaniaibisha mbele za watu."

Nesi alipotoka, bibi akamzibia njia.

"Sista, na huyu mwanangu?"

"Huyo bado. Mwenye uchungu anajulikana. Si umemsikia mwenzake?"

"Nimemsikia. Na gari lake nimeliona. Sisi tumekuja na matope, ndiyo maana?"

Benchi zima likageuka kuwatazama. Uso wa nesi ukaiva.

"Bibi, usinisingizie! Niko peke yangu tangu alfajiri. Yule kasema. Huyu nilimuuliza, akatikisa kichwa."

"Ulimuuliza huku unatembea."

Nesi akamgeukia Elina. Bibi naye akageuka, akaona pindo la kanga limetoboka kwa meno. Aliyemfunga mtoto wa watu mdomo si nesi.

"Elina, mwanangu, yale niliyokwambia yatupe. Sema."

Elina akamtazama kwanza, kama haamini. Nesi Lidia akapiga magoti sakafuni, uso kwa uso naye.

"Unasikiaje, mama? Niambie mwenyewe."

"Anakuja," Elina akasema, sauti imekwaruza. "Muda mrefu sasa anakuja, nami nambana. Sista, sitaki kumpoteza na huyu. Niingize ndani sasa hivi!"