Pole za Bibie

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, Kinyozi aliiingiza pikipiki yake sebuleni kama ilivyokuwa kawaida yake, akaiegemeza kwenye stendi ya katikati na kutandika shuka kuukuu chini yake ili mafuta yasichafue sakafu. Ukuukuu wa shuka ulikuwa maoni yake mwenyewe. Mkewe alikuwa amelifua juzi tu na kulikunja kabatini. Mtaa mzima ulimwita mke huyo Mama Pindo, maana kazi yake ilikuwa kushona, na zaidi kupandisha na kushusha pindo za nguo ambazo wenyewe walinenepa au walikonda. Aliliona shuka lake kwa kona ya jicho, akaendelea kukanyaga cherehani pale dirishani.

"Haya, niambie," Kinyozi alisema kwa sauti laini. "Mbona jana ulikuwa unalialia njia nzima? Unaumwa wapi?"

Mama Pindo alinyanyua kichwa. Ni kweli alikuwa amelialia jana. Goti la kulia lilikuwa likimtesa tangu mvua zianze, na hata kutoka jikoni hadi chumbani alikwenda ameshika ukuta. Lakini mumewe alikuwa amepiga magoti, shavu lake karibu na gurudumu la nyuma, na swali lile hakuulizwa yeye.

"Ni cheni," Kinyozi alijijibu. "Imekauka, maskini. Pole, Bibie. Pole sana."

Bibie lilikuwa jina la pikipiki. Mkewe alimwita "wewe", na siku akiwa amefurahi, "mama".

Aliichomoa cheni, akailoweka kwenye beseni la mafuta ya taa, akaisugua kwa mswaki mkuukuu pingili baada ya pingili, akaifuta, akairudisha. Kisha akawa anazungusha gurudumu polepole kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anadondosha oili, tone hapa, tone pale, huku akinong'ona. Alikuwa na mikono mizuri, hilo halikuwa na ubishi. Kwenye kiti chake cha kunyolea wanaume wazima walisinzia midomo wazi.

Gurudumu lilipomaliza mzunguko wake, goti la Mama Pindo liliacha kuuma. Halikupoa kidogo kidogo kama linavyopoa likipakwa dawa. Liliacha tu, kama mtu aliyekuwa anapiga hodi akaamua kwenda zake. Alilikunja, akalinyoosha, akasimama, akaenda jikoni na kurudi bila kushika ukuta. Alishukuru kimoyomoyo. Kisha akaketi, na badala ya furaha akaona gere. Maana ile "pole" ilikuwa imempita juu ya kichwa na kwenda kutua kwenye chuma.

Alingoja aone.

Wiki iliyofuata Kinyozi alifungua kabureta na kuipuliza uchafu, na kifua cha Mama Pindo, kilichokuwa kikikoroma kama birika, kikafunguka. Alipotengeneza valvu, moyo wa mkewe uliokuwa ukirukaruka alipopanda ngazi ukatulia. Alipobadilisha balbu ya mbele, Mama Pindo alitunga uzi kwenye sindano kwa mara moja, jambo ambalo hakuwa ameliweza tangu binti yao aolewe. Hapo akawa na hakika, akamwambia mumewe wakati wa chakula.

"Ukiitengeneza ile, mimi napona."

Kinyozi alitafuna, akafikiri.

"Goti?"

"Goti, kifua, moyo. Na macho."

"Afadhali," alisema Kinyozi. "Pale hospitali foleni haiishi." Akajiongezea mchuzi. "Nilikuwa nimesahau breki za nyuma. Kesho nitaziangalia."

Mama Pindo alisubiri aulizwe jambo jingine. Mumewe aliuliza chumvi ilipo.

Ng'ambo ya barabara walikaa fundi viatu na mkewe. Fundi viatu naye alikuwa na pikipiki, lakini yake ilikuwa imeegeshwa chini ya paa la nyuma ya nyumba miaka na miaka, tairi zimelala, kuku wamegeuza siti kuwa kitanda. Mkewe alikuwa mgonjwa wa kila kitu. Nyonga ilimvuta upande, mgongo ulimuuma, na kikohozi chake kilisikika mpaka kwenye cherehani ya Mama Pindo. Lakini kila alasiri fundi viatu alitoa kiti nje, akamshika mkewe mkono mpaka akaketi, akamwekea mto mgongoni, akamenya chungwa na kumpa kipande kimoja kimoja huku akimsimulia habari za viatu vya watu. Kisha alimkanda miguu. Alikuwa amemtengenezea ndala zake peke yake, soli ya kushoto nene kuliko ya kulia, ili atembee bila kuinama.

Mama Pindo aliyaona yote hayo kupitia dirisha, kwa macho yake mapya yaliyoona mpaka mbegu za chungwa. Yalimkaa kooni. Alitamani kukohoa, hakuweza.

Siku moja alivuka kwenda kupeleka gauni alilolipunguza. Mke wa fundi viatu alimtazama anavyokuja, mwepesi, kifua mbele.

"Mwenzangu unapendeza," alisema. "Unatembea kama msichana. Wallahi nakuonea wivu."

"Mimi?"

"Wewe. Mumeo anakuangalia. Mtaa mzima unajua, maana mwenyewe anawasimulia anaowanyoa. Huyu wangu kazi yake kunipa machungwa tu. Nimemwambia na yeye aitengeneze ile pikipiki yake, pengine nami nitapata nafuu. Anasema hana muda, kwa sababu anakaa na mimi."

"Anakaa na wewe," Mama Pindo alirudia.

"Kutwa kucha! Mpaka nachoka."

Mama Pindo alitazama miguu ya jirani yake, imevimba, inang'aa kwa mafuta ya kukandia. Kama angeombwa wabadilishane siku ile ile, angekaa kwenye kile kiti bila kuuliza swali. Alimkabidhi gauni, akarudi kwake, akakanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika.

Jioni Kinyozi aliporudi, alimkuta mkewe ameshika kiganja cha kushoto.

"Mkono unaniuma," Mama Pindo alisema, akaunyoosha mbele yake.

Kinyozi aliutazama ule mkono, akavua koti, akachuchumaa kwenye usukani wa pikipiki. Alibana klachi, akaiachia, akaibana tena, sikio limeinamia waya.

"Klachi iko sawa," alisema.

"Nakwambia mkono unaniuma."

"Basi haukuumi sana. Klachi ingekuwa na kasoro ningeisikia."

"Hebu ushike."

"Nimeshaishika," alijibu, mkono bado uko kwenye klachi.

Na kweli, maumivu yalikuwa madogo tu, kichomi cha kushika mkasi kutwa nzima. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mumewe hakuwa anaongopa, wala hakuwa mkatili. Jirani wakimsifu, walisifu jambo lililokuwepo.

Mama Pindo alipiga moyo konde. Kama ni spana na matambara, hata yeye anazo akili na anayo mikono. Mumewe alipokwenda kazini alitandika shuka, akaichomoa cheni kama alivyomwona akifanya, akaisugua, akatia oili. Alifanya kazi safi, maana aliyezoea kufumua mshono bila kuchana kitambaa hashindwi na cheni. Pikipiki ikang'aa. Aliisubiri nafuu, nafuu haikuja. Alijaribu hata kusema "pole, Bibie," akaona aibu mwenyewe. Cheni ilikuwa nzuri, na viungo vyake vilikuwa vile vile. Kwa hiyo haikuwa oili iliyokuwa ikimponya, wala spana. Alikaa pale sakafuni mbele ya mke mwenziye wa chuma, akaelewa kwamba ndani ya mikono ya mumewe mlikuwa na huruma ya kutosha kumfufua mtu, na kwamba yote ilipita mlango ule mmoja.

Ndipo lilipomjia wazo la kuchomoa kofia ya plagi.

Alifanya hivyo alasiri moja, karibu na saa ya mumewe kurudi kula. Alikishika kile kikofia cheusi kinachofunika plagi inayowasha injini, akakivuta, kikatoka kwa mlio mdogo kama kizibo. Hapo hapo nguvu zikamwisha. Hakuzimia. Alilala chali katikati ya sebule, macho wazi, anasikia kila kitu, ila hakuna kiungo kilichowaka. Aliziona nyayo za mumewe zikiingia. Sasa, aliwaza, sasa ataniona.

Kinyozi alisimama mlangoni. Alimwona mkewe, kisha akaiona pikipiki na kile kikofia kinachoning'inia.

"Yarabi!" alisema.

Akamvuka mkewe. Alinyanyua mguu juu ya tumbo lake kwa uangalifu, asimkanyage, akapiga magoti upande wa pili.

"Nani kakufanya hivi?" alinong'ona. "Mpenzi wangu. Mboni ya jicho langu. Nikuache nusu siku tu nikukute hivi? Usiniache, unasikia? Nitakuwa mgeni wa nani mimi?"

Mama Pindo, mgongo kwenye saruji, aliyafahamu maneno yale. Alikuwa ameambiwa yeye, mengine hivyo hivyo neno kwa neno, walipokuwa wachumba na baba yake amekataa posa. Hakujua kwamba yalikuwa bado yako hai. Alidhani yalizeeka yakafa, kama yanavyokufa kwa watu wengi. Kumbe yalihama tu.

Kinyozi aliifuta plagi kwa pindo la shati lake, akakirudisha kikofia, akakikandamiza kwa kidole gumba. Joto likamwingia Mama Pindo kuanzia kifuani mpaka kwenye ncha za vidole. Aliketi. Mumewe alikuwa amempa mgongo, amelikumbatia tangi.

"Umenivuka," Mama Pindo alisema.

Kinyozi aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilikuwa nakutibu."

"Umenivuka kama gogo."

"Ningekaa pale chini kukushika mkono, saa hizi ungekuwa umeamka?"

Mama Pindo alifikiri. Asingekuwa ameamka.

"Hapana," alikiri.

"Sasa?" Kinyozi alisema, bila ubaya wowote, akaenda kunawa. "Na usilale tena sakafuni, utapata baridi."

Akala, akarudi kazini. Hawakulizungumza tena.

Mke wa fundi viatu alifariki wiki chache baadaye, kabla ya adhuhuri, kiti chake kikiwa nje na chungwa limeshamenywa. Mtaa ulijaa. Wanawake waliingia ndani, wanaume walikaa kwenye mabenchi. Mama Pindo alishona usiku kucha kanzu nyeupe ya sanda iliyohitajika, hakuchoka hata kidogo, akaipeleka mwenyewe. Alimkuta fundi viatu kwenye kizingiti, amezikumbatia zile ndala, soli moja nene na nyingine nyembamba. Analia kwa sauti, kamasi zinamtoka, hajali nani anamwona. Watu walimwambia avumilie. Yeye alikuwa anamweleza kila anayepita jinsi marehemu alivyokuwa akipenda kipande cha chungwa chenye ngozi nyembamba.

Mama Pindo alikaa kati ya wanawake wenzake. Walimpisha nafasi kwa heshima, na mmoja akamwambia kwa chini:

"Wewe Mungu kakupa. Na umri huu, hata kichwa hakikuumi."

"Namshukuru," alijibu.

Alimtazama marehemu alivyolazwa, na roho ikamuuma. Alijua ni aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alimwonea wivu maiti. Alitamani nyonga ile, mgongo ule, kikohozi kile. Alitamani mtu mmoja duniani anayejua yeye anapenda kipande gani cha chungwa.

Waliporudi kutoka mazishini, Kinyozi alivua viatu, akaingia sebuleni. Mama Pindo alipita moja kwa moja mpaka chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, na hapo machozi yakamjia. Hayakumjia kwa ajili ya jirani peke yake. Yalikuwa ya miaka mingi. Yalitiririka yenyewe mashavuni, yakadondokea mapajani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alihisi donge la kooni linaanza kuyeyuka.

Sebuleni, Kinyozi alisikia tone, kisha tone jingine. Aliinama. Petroli ilikuwa inavuja kwenye bomba chini ya tangi, imeshafanya doa kwenye shuka. Aliipangusa kwa kidole, akainusa.

"Ah, Bibie," alisema kwa upole. "Na wewe tena. Haya, nyamaza. Nyamaza, nipo."

Akachukua spana ndogo na kulikaza bomba taratibu, mpaka likawa kavu kabisa.

Chumbani, machozi ya Mama Pindo yalikauka. Alikuwa hajamaliza kulia.