Mkanda wa Armand

"Shoga, huo ni mkanda au kamba ya kufungia ng'ombe?"

Fusae aliuliza huku akicheka, na wanawake wenzake wa darasa la judo wakacheka naye. Ncha za mkanda mweusi wa Suzue zilining'inia karibu na magoti. Naye alicheka kidogo, kwa adabu tu, akazishika mkononi.

Mwalimu Okabayashi alikuja taratibu, akapiga magoti mkekani mbele yake. "Bi Suzue, samahani sana. Hapa kwetu mkanda mweusi wa mwanamke una mstari mweupe katikati. Huo usio na mstari ni wa wanaume."

"Kule Lyon ni mmoja kwa wote, Mwalimu."

"Najua. Lakini hapa si Lyon." Akamwekea mbele mkanda mpya wenye mstari.

Makubwa haya! Mjapani mzima, mzaliwa wa Niigata, kaenda kufundishwa judo na Mfaransa, na sasa karudi kwao anaonekana mgeni. Hapa mtu mzima huvaa mweupe mpaka apate mweusi, basi. Kule alipanda rangi kwa rangi, njano, chungwa, kijani, buluu, kahawia, na kila rangi ni mumewe Armand aliyemfunga kiunoni. Siku ya mweusi, Armand alivua wake mwenyewe, jitu la mtu yule, akamfunga huo. Mwaka jana alifariki. Suzue akarudi kwenye theluji na nyumba ya marehemu mama yake, ambamo redio ndiyo pekee iliyosema naye.

Angeweza kukataa, akafunga virago na asionekane tena. Lakini zaidi ya hapa hakuwa na pa kwenda.

Akapiga moyo konde, akaufungua mkanda wa Armand. Aliukunja polepole, akauweka kando ya ukuta, juu ya soksi zake. Mkanda mpya ulimkaa sawasawa kabisa, na hilo ndilo lililomuuma.

"Haya, njoo," Fusae akasema, safari hii bila mzaha. Akamshika ukosi na mkono wa koti, akamvuta, akampitisha juu ya nyonga, pu! mkekani. Hakumwachia mkono, ndivyo wanavyofanya, mwenzio asije akaumia.

Suzue alibaki chali. Machozi yalimtoka yakamwingia masikioni. Tangu mazishi ya Armand, hakuna binadamu aliyekuwa amemgusa.

"Jamani! Nimekuumiza, dada?"

"Hapana," Suzue akasema, naye hakuuachia mkono ule. "Niangushe tena."