Ndama wa Ukutani

Kila Jumatatu asubuhi Aloo alianza kazi na vichwa. Wanachama wa Klabu ya Ghuba hawakufika kabla ya saa nne, kwa hiyo alikuwa na saa mbili za kupanda na kushuka kwenye kiti chake cha mbao, akivipangusa vichwa kumi na kimoja vya wanyama vilivyotundikwa katika sebule kubwa inayotazama ziwa. Alianza na nyati mlangoni, akamalizia na swala korongo karibu na baa. Nyati alimpangusa kwa kitambaa kikavu. Korongo, kwa sababu ya manyoya marefu ya shingo, alimchana kwa brashi ya viatu.

Jumatatu ya pili ya mwezi wa nne alikuta pua ya korongo imelowa. Alidhani paa linavuja, maana mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na redio ilisema watu wa Ahero wamekimbia mafuriko na kuhamia madarasani. Akatazama dari. Lilikuwa kavu. Akaifuta ile pua, ikalowa tena, kisha korongo akatikisa sikio la kushoto kumfukuza nzi.

"Pole," Aloo alimwambia, akaendelea kuchana.

Chini ya kichwa kulikuwa na kibati cha shaba: Dume, Lambwe, 1933, Kapteni Pell. Lambwe ndiko Aloo alikoolewa. Korongo ni swala mkubwa kama farasi, pembe zimepinda kwenda nyuma, uso mweusi wenye mabaka meupe kama aliyepakwa chokaa, na watu wa kule humwita omoro. Zamani za Kapteni Pell walikuwa wengi katika bonde lile. Sasa walikuwa wamebaki wachache kiasi cha askari wa hifadhi kuwajua mmoja mmoja, na huyu ana mimba na yule ana kovu.

Mmoja wao aliuawa na Opondo, mume wa Aloo. Opondo alitega waya akitaka paa, kitoweo cha Krismasi, na korongo ndiye aliyenaswa. Hakukana. Alimweleza hakimu kwamba alipomkuta amekufa alikaa chini akalia, na hakimu akaandika kuwa mshtakiwa amekiri. Alifungwa miaka saba. Mwaka wa tatu kifua kikamuua gerezani. Binti yao Winny alikuwa na miaka tisa. Aloo akahamia Kisumu, akapanga chumba Migosi, akapata kazi ya usafi klabuni, na siku ya kwanza akaonyeshwa ukuta. Alimchana korongo wa Kapteni Pell kama alivyoonyeshwa.

Nyuma ya ukuta ule ilikuwa stoo ya vifaa vya usafi, iliyoinuliwa ngazi tatu kutoka sebuleni. Jumanne, Aloo alipoingia kuchukua ndoo, alikuta mwili wa korongo. Ulikuwa umetokeza ukutani kuanzia mabegani, umesimama kwa miguu minne kati ya mifagio na mitungi ya sabuni, mkia ukichapa mbavu. Zile ngazi tatu zilikuwa zimesaidia. Bila hizo kwato zisingefika sakafuni. Aloo alisogeza mitungi ili mnyama apate nafasi ya kujigeuza kidogo, akazoa kinyesi, kisha akaenda kukata nyasi kando ya uwanja wa tenisi. Nyasi alizipeleka sebuleni, kwa sababu huko ndiko mdomo ulikokuwa.

Meneja wa klabu, kijana mmoja mtanashati aitwaye Calvince, alikuja kuona mchana.

"Mama Winny, hii itaharibu plasta," alisema.

"Plasta iko sawa. Nimeangalia."

"Na harufu?"

"Nitamwaga dawa."

Calvince aliandika kwenye daftari lake kwamba kichwa namba kumi na moja kina mwili, akarudi ofisini.

Jambo ambalo Calvince hakuliona, Aloo aliliona siku ileile alipoinama kufagia. Korongo hakuwa dume. Kapteni Pell alikuwa amempiga jike na kuandika dume, pengine kwa sababu dume lilikuwa na sifa zaidi, na hakuna mtu aliyewahi kuwa na mwili wa kuhakikisha. Tena jike lenyewe lilikuwa na mimba, tumbo limeshuka kabisa. Aloo aliweka kiganja ubavuni akasikia teke. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akakaa pale kwa muda mrefu kuliko alivyoruhusiwa.

Ndama alizaliwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa saba mchana, wanachama wakila samaki upande wa pili. Kichwa kiliguna mara mbili tatu na mwanachama mmoja akaomba redio iongezwe sauti. Stooni Aloo alimpokea ndama kwa aproni yake, akamfuta pua na macho. Alikuwa jike, rangi ya mchanga uliolowa, masikio marefu kupita kiasi. Kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, alimwita Akoth.

Akoth alipata maziwa bila shida, maana chuchu zilikuwa upande wake. Lakini mama yake hakuweza kumwona wala kumnusa. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya saa nne Aloo alimbeba ndama, akashuka naye zile ngazi, akazunguka korido mpaka sebuleni, akapanda kiti na kumwinua. Korongo alimlamba uso wote, na mara nyingine alimlamba Aloo pia. Siku hizo alirudi Migosi akiwa na jambo moyoni lililomfanya Winny aulize kama ameongezwa cheo.

Calvince aliandika tena, na safari hii ilibidi apeleke habari juu. Juu alikuwa wakili Wakhungu, mwenyekiti wa klabu, mtu mpole mwenye tai nzuri, aliyesafiri kila Agosti kwenda nchi ya kusini kuwinda kwa kibali. Alikuja na afisa wa wanyamapori, Valarie Nabututu, msichana wa sare iliyopigwa pasi, na wote wawili wakasimama stooni pamoja na Aloo, wakibanana kati ya mifagio.

Nabututu alipiga magoti akamtazama ndama. Alipoinuka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Wakili, huyu aende Lambwe hata leo. Unajua huyu ni nani? Damu mpya. Wale wa kule wamekuwa ndugu kwa ndugu."

"Naelewa, Madam. Lakini tusome kwanza," Wakhungu alisema, akatoa mkobani leseni ya Kapteni Pell, karatasi ya manjano iliyohifadhiwa kwenye plastiki. Ilisema kwamba pembe, ngozi na chochote kitakachotokana na mnyama huyo ni mali ya mwenye leseni na warithi wake. Kapteni alikuwa ameirithisha klabu. "Huyu ametokana. Sivyo, Mama?"

Aloo alimvuta ndama karibu na miguu yake.

"Sheria ya siku hizi inasema tofauti," Nabututu alisema.

"Inasema tofauti kuhusu mnyama wa porini. Huyu amezaliwa stooni." Wakhungu alimkuna ndama kati ya masikio, na ndama akasinzia. "Nina rafiki kule kusini, ana shamba kubwa sana la wanyama. Uzio, daktari, maji ya kisima. Wageni wanawinda wale waliozeeka, na hayo wanayolipa ndiyo yanayowalinda wengine. Mimi mwenyewe nimepiga wanne kule, na kwa sababu yangu mia wako hai. Hapa kwetu tumepiga marufuku tangu miaka ya sabini, na omoro wako wangapi?"

Nabututu alijua kwamba swali lilikuwa la kweli, hata kama jibu alilolitaka wakili lilikuwa la uongo. Aliomba wiki mbili awaulize wakubwa wake.

Aloo hakuzingoja. Jumapili, wanachama wakiwa kanisani, alimpigia Obiero, mdogo wa Opondo, aliyekuwa na pikapu ya kubebea mchele. Obiero alimtazama ndama mlangoni mwa stoo, akavua kofia.

"Shemeji, hii kitu ndio ilifunga ndugu yangu."

"Ile ilikuwa imekufa. Hii inapumua."

"Na kotini wataona tofauti?"

"Tunairudisha kwao, Obiero. Ndugu yako alitoa moja. Tunarudisha moja."

Obiero alifikiri, akavaa kofia. Kabla ya kuondoka Aloo alimpeleka Akoth sebuleni, akapanda kiti, na mama akamlamba taratibu sana, kama mtu anayepiga pasi nguo ya safari. Kisha wakamlaza juu ya magunia, wakamfunika turubai, na Aloo akakaa huko nyuma pamoja naye.

Ahero maji yalifika katikati ya magurudumu. Watu waliokaa juu ya meza zao barabarani waliwapungia mkono. Ndama alitoa kichwa nje ya turubai akatazama mashamba ya mpunga yaliyogeuka ziwa, na Aloo akamweleza kila kitu walichopita, hapa ni Katito, kule mlimani ni Nyakach, mbele ni ziwa tena, halafu ni kwenu. Karibu na Pap Onditi kulikuwa na kizuizi. Polisi aliinua turubai kwa fimbo.

"Mama, hii kibali yake iko wapi?"

"Anaenda kwao."

"Kwao ni wapi?"

"Lambwe."

"Sawa. Kibali ya kwenda kwao iko wapi?"

Waliwekwa kwenye benchi kituoni, Aloo, Obiero na ndama, ambaye alilala kwenye mapaja ya Aloo. Alasiri Wakhungu alifika kwa gari lake, na Nabututu kwa lake. Nabututu alikuwa na fomu ya mashtaka. Wakhungu alikuwa na karatasi ya manjano na nyingine mpya, iliyopigwa chapa vizuri.

"Mama Winny," wakili alisema kwa upole, akaketi karibu naye. "Kama ndama ni wa porini, wewe umesafirisha mnyama aliye hatarini kutoweka. Unajua adhabu yake kuliko mimi. Kama ni mali ya klabu, basi hakuna kosa kwa serikali. Ni sisi kwa sisi, na sisi tumekusamehe. Weka sahihi kwamba umeona kwa macho yako amezaliwa na kile kichwa. Ni ukweli. Sikuombi useme uongo."

"Usiweke, Mama," Nabututu alisema.

Aloo alimgeukia. "Nisipoweka?"

Nabututu aliitazama fomu yake. Alikuwa ameshajaza tarehe. "Nitaandika kesi," alisema. "Lazima niandike."

"Na mtoto ataenda Lambwe?"

"Atakuwa kielelezo. Atakaa mpaka kesi iishe."

"Kesi ya baba Winny ilichukua miaka miwili," Aloo alisema.

Obiero alikuwa anatazama viatu vyake. Aloo alimfikiria Winny, ambaye sasa alikuwa kidato cha tatu na hakuwa na mzazi mwingine, akaomba kalamu. Ilibidi Nabututu ampe yake, kwa sababu ya wakili ilikuwa imeisha wino. Aloo aliandika jina lake lote, polepole, huku mkono wa pili ukiwa kwenye shingo ya ndama.

Akoth aliondoka mwezi wa sita kwa ndege, ndani ya kreti lenye matundu. Wakhungu mwenyewe alisimamia, na alimruhusu Aloo kuweka nyasi.

"Usihuzunike, Mama. Atakuwa na miaka kumi ya raha. Wangapi hapa Kisumu wana uhakika wa miaka kumi?"

"Na baada ya kumi?"

Wakili alimpiga bega kidogo, akaenda kutia sahihi karatasi za uwanja wa ndege. Wiki hiyohiyo fundi alikuja sebuleni na futi, akapima nafasi iliyo wazi kati ya korongo na baa, akaweka alama ya penseli.

Nabututu alihamishiwa kituo kingine. Kabla ya kwenda alipita klabuni, akasimama mbele ya kichwa akiwa ameshika kofia, akarekebisha kumbukumbu za ofisi yake ili zisome jike badala ya dume. Kibati cha shaba hakuwa na mamlaka nacho.

Korongo alianza kulia. Alilia mara mbili kwa siku, asubuhi katika saa aliyozoea kuletewa ndama, na tena mchana, sauti nzito ya kukoroma iliyotikisa glasi. Wanachama walivumilia wiki tatu. Mwezi wa saba kamati ilikutana, ikapitisha ajenda ya paa, ajenda ya maegesho, na ajenda ya kelele. Calvince akamletea Aloo furushi la pamba.

"Wanasema irudi vile ilikuwa," alisema, na hakumtazama usoni. "Mdomo na koo. Polepole tu, usiiumize."

Aloo alipanda kiti. Korongo alipomwona alinyoosha shingo kadiri ukuta ulivyomruhusu, akanusa mikono yake yote miwili, kisha mifuko ya aproni, kisha mikono tena. Aloo alingoja amalize. Halafu akamfungua mdomo kwa kidole gumba, kama alivyomfungua Winny zamani kumpa dawa, akaanza kujaza pamba, kidogo kidogo, mpaka sauti ikaisha. Akaufunga mdomo, akachana manyoya ya shingo, akashuka.

Saa nne wanachama wakaingia wakasema leo kumetulia. Stooni maziwa yalikuwa yameshaanza kudondoka sakafuni. Aloo akachukua ndoo, akaketi, akaanza kukamua.