Rangi Kumi na Mbili za Krapi

Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu, saa moja kasorobo asubuhi, Urbain Mushagalusha alimaliza kupiga deki chumba cha rangi katika karakana ya vyambo kule Sundbyberg, Uswidi, akainua macho, akaona wamekosea tena. Mezani, juu ya kitambaa cheupe, vilikuwa vimepangwa vichwa kumi na viwili vya jigi. Kichwa cha jigi ni kidonge cha madini mazito kilichoyeyushiwa kwenye shingo ya ndoana, kikapakwa rangi na kuchorwa jicho, ili samaki akikiona adhani ni kidagaa kinachozama. Kimoja kilikuwa cha waridi chenye vumbi la dhahabu. Kingine zambarau. Kingine buluu ya bendera, na jicho la manjano. Vyote vilipendeza, na hapakuwa na hata kimoja ambacho samaki mwenye akili timamu angekisogelea.

Vilikuwa vya kuvulia krapi. Krapi ni samaki wa Marekani, bapa, mwenye madoa meusi kama aliyerushiwa wino, na katika Uswidi nzima hayupo. Mteja mmoja wa huko ng'ambo alikuwa ameagiza rangi kumi na mbili kwa ajili yake, na mara mbili alikuwa amerudisha sampuli. Aliandika kwamba samaki wanazipita kama watu wanavyopita matangazo ukutani.

Urbain hakuajiriwa ili awe na maoni. Aliajiriwa kufagia, kufunga maboksi na kuosha brashi, tena kwa saa: kila asubuhi alingoja ujumbe kwenye simu wa kumwambia kama leo anahitajika. Alikuwa akiungoja ujumbe huo kwa miaka minane. Kabla ya hapo, mjini Uvira, Kongo, alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika kituo cha utafiti wa ziwa, akishusha vioo na taa ndani ya Tanganyika ili ajue jicho la samaki aitwaye mkebuka linaona nini kwenye mita tano, kumi, arobaini. Alijua kwamba nyekundu ndiyo hufa kwanza majini. Alijua kwamba samaki anayewinda kwa kutazama juu haoni mgongo wa chambo, anaona tumbo lake, basi kazi ya kuremba mgongo ni kazi ya bure. Aliyajua haya kama watu wengine wanavyoijua njia ya kwenda kanisani. Tatizo lilikuwa cheti. Ofisi inayopima vyeti vya wageni ilitaka muhuri kutoka chuo chake, na chuo chake kilifungwa kwa sababu ya vita. Ofisi iliandika kwamba inaelewa na kwamba itasubiri. Huu ulikuwa mwaka wa tano wakisubiri pamoja, yeye na ofisi.

Saa mbili Henrik aliingia. Henrik ndiye aliyekuwa mtaalamu wa rangi. Hakuwa mtu mbaya. Kila Ijumaa alileta maandazi ya mdalasini, na la Urbain alimwekea pembeni. Nyuma yake akaja Annika, mkuu wa karakana, akiwa na kikombe cha kahawa.

"Samahani," Urbain alisema kwa Kiswidi. "Krapi huwinda akitazama juu. Tumbo la chambo ndilo linalohitaji rangi. Na kwenye maji ya tope ungechagua rangi ya ndimu inayoanza kuiva, au nyeusi kabisa. Hii zambarau atakuwa haioni."

"Samaki hanunui, Urban," alisema Henrik kwa upole. "Anayenunua ni mtu."

Jina lake walilitamka Urban, kwa kuwa jina hilo lipo Uswidi na halikuwasumbua.

"Aliyerudisha mzigo naye ni mtu," alisema Urbain. "Mtu aliyerudi nyumbani bila samaki."

Annika alikunywa funda la kahawa. "Intressant," alisema. Katika karakana ile neno hilo, ambalo maana yake ni kwamba jambo linavutia, lilitumika kufungia mazungumzo. Urbain alichukua ndoo yake akatoka. Jioni aliokota sampuli zilizotupwa, akazifunga kwenye karatasi, akaenda nazo Hallonbergen, alikokuwa akiishi.

Nyumbani, ghorofa ya sita, alikaa meza ya jikoni akaziacha chache kama zilivyo, nyingine akazikwangua rangi, akaanza kuzipaka upya kwa rangi za kucha za mke wake. Victoire alimtazama akimaliza chupa ya tatu.

"Baba Emmanuella, hii njo kazi wanakulipia?"

"Hapana."

"Basi unafanya juu ya nini?"

Urbain alifungua chupa ya nne. Alikuwa na hasira tu, hasira ndogo ya kila siku, ile isiyomfanya mtu apige kelele ila humfanya akaze sana vifuniko vya chupa. Alipaka tumbo la kichwa kimoja rangi ya maziwa, mgongo akauacha mweusi, akakiweka kikauke.

Jumamosi asubuhi Victoire alifungua bomba la bafu, na badala ya maji akatoka krapi. Alitoka kwa ubavu, kama barua inavyopita kwenye mwanya wa mlango, akaanguka ndani ya beseni la kuogea. Baada yake maji yakaja kama kawaida. Victoire alifunga bomba yalipofika nusu.

"Baba Emmanuella! Huyu ni mugeni ao ni chakula?"

Urbain alikuja akiwa na miwani. Akahesabu miiba ya mgongoni, akaangalia madoa. Alimwita binti yao Emmanuella, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, atafute picha kwenye simu. Emmanuella akatazama simu, akatazama beseni. "Ja, det är den," alijibu kwa Kiswidi, kama alivyowajibu kila kitu: ndiye huyo. Kisha akaenda kupiga mswaki jikoni.

Urbain alifunga jigi moja kwenye uzi, bila kuacha ncha ya ndoana wazi, akaishusha majini. Ilikuwa ile ya waridi yenye vumbi la dhahabu. Krapi aliigeuzia mkia. Akashusha zambarau, krapi hata hakugeuka. Akashusha ile yenye tumbo la maziwa. Samaki alipanda polepole kutoka chini, akasimama, akaigusa mara moja kwa mdomo wake, kwa heshima, kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba asiyoizoea. Urbain aliandika kwenye daftari. Akalipigia mstari neno tumbo mara mbili.

Kazi ilichukua wiki tatu. Urbain alitia udongo wa chungu cha maua majini ili yawe ya tope, akabadilisha taa, akafunika dirisha nusu. Walioga kwa ndoo, kama walivyooga katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na Victoire, ambaye aliapa akiwa kambini kwamba hataoga tena kwa ndoo maisha yake yote, alioga kwa ndoo. Mwisho wa wiki ya tatu rangi kumi na mbili zilikuwa zimepatikana. Kila moja ilikuwa imeguswa si chini ya mara ishirini.

"Sasa watakubali," alisema Urbain.

"Watakubali samaki," alisema Victoire.

Alhamisi alimtia krapi kwenye ndoo yenye kifuniko, akapanda basi la kwenda Sundbyberg. Dereva alikuwa Okech, mtu wa Kisumu, waliyefahamiana kwenye misiba na harusi.

"Hiyo samaki iko na miaka mingapi?" Okech aliuliza.

"Minne, labda mitano."

"Chini ya saba hailipi. Keti hapo mbele, isimwagike."

Kikao cha kujaribu sampuli kilifanyika saa nne, mbele ya wafanyakazi wote. Annika alileta chombo cha kioo kutoka chumba cha maonyesho. Walishusha vichwa vya Henrik kimoja kimoja, na krapi akakaa chini akitazama upande wa bomba la joto. Wakashusha vya Urbain. Samaki alipanda, akagusa, akashuka. Akapanda, akagusa, akashuka, mara kumi na mbili. Henrik, ambaye alikuwa mtu mkweli, alivua miwani yake.

"Ni wazi kabisa," alisema.

"Ni wazi," alisema Annika. "Huu ndio ujuzi tulioukosa." Akainama mbele ya kioo. "Ana uzoefu wa muda gani?"

Urbain alidhani anaulizwa habari zake. "Miaka kumi na mmoja kituoni," alianza, "na tasnifu yangu ilikuwa juu ya..."

"Huyu," alisema Annika, akionyesha chombo.

"Amezaliwa majini," alisema Henrik.

Wakaandika hivyo. Kuhusu vyeti, Annika alisema ujuzi wa namna hii si wa kudai cheti, kwa sababu mtu anauona kwa macho yake mwenyewe. Samaki alipewa ajira ya kudumu kuanzia tarehe moja, nafasi ya mshauri wa rangi, na kwa kuwa alikuwa jike walimwita Birgitta. Namba yake ya utambulisho ilitoka baada ya siku kumi na moja. Alipigwa picha ya kitambulisho kwa ubavu, maana kwa mbele alikuwa mwembamba mno. Urbain aliitwa ofisini peke yake akaambiwa habari njema: sasa ameongezewa jukumu la kubadilisha maji ya Birgitta na kupima joto lake, kwa saa, kama zamani, siku ambazo atahitajika.

"Daftari lilikuwa langu," alisema Urbain. "Rangi nilizichanganya mimi."

"Na tunakushukuru sana, Urban. Bila wewe asingefika hapa."

Mteja wa ng'ambo alijibu mwezi wa tano. Alituma picha ya mtu mwenye kofia akiwa ameshika krapi wawili, na maneno kwamba hajawahi kuona rangi kama hizi. Annika aliwaita wafanyakazi wote chumba cha mapumziko. Palikuwa na keki yenye umbo la samaki, na chombo cha Birgitta kiliwekwa katikati ya meza. Annika alisoma barua, watu wakapiga makofi, kisha akasema ni vizuri siku kama hii kukumbuka nani hasa aliyezichagua rangi zile.

Hapo Birgitta aliruka. Alitoka ndani ya chombo, akapita juu ya keki bila kuigusa, akafika kifuani kwa Urbain aliyekuwa amesimama ukutani na ndoo ya maji safi. Akamgusa kwa mdomo mara moja, juu ya mfuko wa shati, upande wa moyo. Kisha akaangukia ndani ya ndoo.

Watu wote pale walikuwa wameziona rangi kumi na mbili zikiguswa vilevile, na walijua maana yake. Henrik aliangalia viatu vyake. Msichana wa mauzo aliweka chini kisu cha keki. Shati la Urbain lilikuwa na doa la maji mviringo, dogo kama kifungo, na alisimama nalo bila kulifuta, akingoja.

"Maskini," alisema Annika hatimaye. "Anakosa hewa mle ndani. Urban, tafadhali tafuta pampu kubwa zaidi."

Watu wakapumua. Mtu akakata keki.

Urbain alirudisha samaki kwenye chombo kwa mikono miwili. Birgitta alimtazama kupitia kioo kwa muda mrefu, na Urbain akaona aibu kwa niaba yake, kwa kuwa sasa naye alikuwa amejaribu kusema.

Nyumbani Victoire alikuwa anatwanga majani ya muhogo ya sombe, binti yao yuko bafuni na maji yanamwagika kwa fujo. Urbain alimsimulia yote, tangu barua hadi pampu. Victoire aliacha kutwanga.

"Mbele ya watu wote alikugusa?"

"Mbele ya wote."

"Na wote waliona?"

"Wote."

"Na weye ukasema nini?"

"Nikasema tack." Asante, kwa Kiswidi.

Victoire alimtazama, akatazama kinu, akaendelea kutwanga, kwa nguvu kuliko sombe ile ilivyohitaji.

Jumatatu, saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini asubuhi, simu ililia juu ya meza ya jikoni. Anahitajika leo, Birgitta ana rangi mpya za kuchagua, na maji yake yameanza kuwa mazito. Urbain aliketi akaandika jibu. Aliandika sentensi nne za Kiswidi safi, zisizo na kosa hata moja, juu ya nani alichagua nini na tangu lini. Akazisoma mara mbili. Akazifuta, akaandika: Nakuja. Kisha akatafuta soksi.