Mlango wa Rangi Zote

Kiwandani mume wangu wanamwita Jicho. Ni mchanganya rangi, na ukimletea vipande viwili vya bati vilivyopakwa njano, ambavyo mimi na wewe tungeapa ni sawasawa, atakuambia kipi kimezidishiwa nyeupe. Nyumbani jicho hilohilo haliioni soksi iliyo chini ya kiti alichokalia. Nimeishi naye miaka mingi, nimezoea.

Serikali ilipotangaza kwamba rangi zenye madini ya risasi zikomeshwe nchi nzima, yeye ndiye aliyesimama mbele ya wenzake kuwaeleza. Siku hiyo alirudi amevimba kichwa. Nikiwa namenya viazi, akanirudishia somo zima tangu mwanzo: madini hayo huifanya njano ing'ae na idumu, lakini yakiingia kwenye damu ya mtoto yanamharibu akili taratibu, na huoni dalili yoyote mpaka umwone anashindwa na masomo. Akajifungia na makopo yake, akachanganya na kumwaga, akachanganya tena, hadi akapata njano mpya isiyo na sumu. Akaileta nyumbani, akapaka kuta, madirisha, hata kitanda cha mjukuu. Nilimwambia imetosha, asije akanipaka na mimi.

Mjukuu wetu tunamwita Chiriku kwa sababu hafungi mdomo. Mama yake, binti yetu, ni fundi cherehani, na alikuwa akituletea mtoto asubuhi na kumfuata jioni. Jicho akitoka kazini hukaa na Chiriku kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, ule wa kutokea uani, wakapiga soga mpaka mama mtu afike. Mimi nilishukuru, maana ndiyo nafasi pekee niliyopata ya kupika bila kuulizwa maswali.

Halafu kliniki ikaanza kupima damu za watoto wa mtaa wetu, kwa kuwa tuko jirani na kiwanda. Damu ya Chiriku ikakutwa na madini ya risasi. Daktari alisema si ya kulazwa wala ya kupewa dawa, ila yamepita kiwango, na yataendelea kupanda tusipojua yanatoka wapi. Binti yangu alikuja kuniambia mwenyewe, akakataa hata kukaa.

"Mama, kwangu wamepima, hawakukuta kitu. Kesho wanakuja hapa."

"Waje tu. Baba yako kapaka nyumba nzima upya."

"Najua. Lakini wakikuta, simleti tena. Nakwambia mapema usije ukaninunia."

Nilimjibu sawa, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Moyoni niliumia, kwa sababu nyumba hii bila yule mtoto ni kuta na mimi na mzee anayetafuta soksi.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mpole, viatu vimejaa vumbi la nyumba alizotangulia kuzipima. Alikuwa na kipimo cha mkononi chenye umbo la drili, ambacho hukibana ukutani kikamwambia kilichomo ndani ya rangi. Binti yangu naye aliomba ruhusa kazini, akaja na mtoto, akakaa pembeni ya kochi kama mgeni.

"Mzee, kuna rangi yoyote ya zamani humu ndani?" mkaguzi aliuliza.

"Hata kopo moja," alisema Jicho. "Mimi ndiye mtu wa rangi, mwanangu. Hizi kuta nimepaka kwa mkono wangu. Pima utakapo."

Akapima. Kuta safi, madirisha safi, kitanda safi. Akapima vitu vya kuchezea, na hata sufuria zangu, jambo ambalo nililimeza shingo upande. Jicho alimfuata nyuma, mikono mgongoni, kama mwalimu mkuu anayekagua madaftari. Kila kipimo kilipotoka safi alinitupia jicho la kujisifu. Mkaguzi alirudi sebuleni amekunja uso, akasema hajui tena apime nini.

Chiriku alikuwa amechoka kutoulizwa chochote. Akamshika mkaguzi mkono.

"Njoo nikuonyeshe rangi zangu."

Akamvuta hadi jikoni, na sote tukafuata. Sasa huo mlango wa jikoni inabidi niueleze. Upande wake wa nje hupigwa na jua la asubuhi, na Jicho hajawahi kuiamini taa ya maabara ya kiwandani. Kila alipomaliza mchanganyiko mpya alikuja nao kidogo kwenye ncha ya kijiti, akaubandika mlangoni, kisha akawa anautazama wiki hadi wiki aone kama utapauka. Tangu tuhamie hapa amekuwa akifanya hivyo, bandiko juu ya bandiko, mpaka rangi zikawa nene kama ukoko, zikapasuka, zikaanza kubanduka. Wageni wakija huonyeshwa mlango kabla hawajaonyeshwa choo. Na hapo ndipo Chiriku alipojifunza kutaja rangi, yeye na babu yake, jioni baada ya jioni.

"Hii nyekundu," Chiriku alimwambia mkaguzi. "Hii kijani. Hii njano ya babu ya zamani, ndiyo nzuri." Akaingiza ukucha, akabandua gamba, akalitazama. Kidole kikaenda mdomoni, kwa mazoea, kama mtu anayelamba sukari.

Mama yake alimdaka mkono. Mkaguzi akakibana kipimo kwenye ile njano, akasubiri, akasoma. Akapima nyekundu, akapima tena njano nyingine.

"Mzee," alisema polepole, "nilikuuliza kuhusu rangi ya zamani."

"Lakini hiyo si rangi," Jicho alisema. "Yaani, hayo ni majaribio. Ni kazi tu." Nami nilimwelewa. Kwake rangi ni kitu kilicho ndani ya kopo, au kilichopakwa kikakamilika. Yale mabandiko hakuwahi kuyahesabu kuwa rangi, na mimi niliyekuwa nikipita hapo na ndoo ya maji kila siku sikuyahesabu vilevile. Hakudanganya. Ningependa zaidi angekuwa amedanganya, maana ningejua pa kuziweka hasira zangu.

Binti yangu alichukua mfuko wa mtoto, akambeba, akatoka bila kuaga. Chiriku alitupungia mkono begani kwa mama yake hadi walipokata kona.

Mkaguzi hakutugombeza. Alituambia tusiukwangue wala kuuchoma mlango, maana vumbi na moshi wake ndivyo vibaya zaidi. Ulowanishwe, ung'olewe mzima, ufungwe kwa nailoni, na gari la kiwanda liupeleke kwenye stoo ya taka za sumu. Jicho aliitikia kila neno. Alipoulizwa kama anataka watu wa kuja kumsaidia, alitikisa kichwa.

Akaung'oa mwenyewe. Nilishika ndoo, yeye akaulowesha mlango kwa tambara, juu hadi chini, bila kuruka bandiko hata moja. Nilitarajia angesema neno juu ya mojawapo, kwa kuwa kila moja lina hadithi yake na zote nimeshazisikia. Hakusema. Baada ya hapo tulipiga deki ya maji, chumba kwa chumba, na hata udongo wa pale kizingitini tuliuondoa. Fundi akaleta mlango mpya wa mbao tupu. Nilimuuliza Jicho ataupaka rangi gani, nikidhani namchokoza kidogo acheke. Akasema hataupaka.

Siku zile alikula kidogo na kunawa mikono mara nyingi. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia, na nilijikasirikia mimi. Usiniulize lipi lilikuwa kubwa.

Mkaguzi alirudi, akapima, akasema nyumba ni safi. Baadaye kliniki ikampima tena Chiriku, na madini yakawa yameanza kushuka. Binti yangu akaja jioni hiyo, mtoto kiunoni, akasimama mlangoni bila kuingia wala kurudi. Jicho aliinuka kwenye kochi, lakini hakumkaribia mtoto.

"Baba," binti yangu alisema, "ulijua?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nilitaka kusema kazeeka, kasahau, kazi zilimzidia. Jicho alininyooshea mkono ninyamaze.

"Kiwandani nilijua," alisema. "Nilijua kuliko wote, mimi ndiye niliyewafundisha. Hapa nilikuwa nimekaa na mjukuu wangu, nafurahi. Haikunijia hata mara moja. Sasa naogopa hata kumshika."

Hata Chiriku alinyamaza, akawa anatutazama mmoja mmoja. Binti yangu alimwangalia baba yake, machozi yakimlengalenga. Kisha akamkalisha mtoto kizingitini, akainama, akaanza kumvua viatu.