Midomo Imekataa

Sau-han alianza kumchukia Shu Ruolan kabla hajapata sababu. Sababu ilipokuja, ilimkuta amejiandaa.

Kwa miaka mitatu yeye ndiye aliyekuwa sauti ya Ruolan. Filamu zote za mapanga na mapenzi zilizotoka kwenye studio yao ya Kowloon, Hong Kong, zilipigwa picha bila sauti. Ndege za uwanja wa Kai Tak zilipita juu ya paa siku nzima, mafundi waligonga misumari upande wa pili wa ukuta, na hakuna maikrofoni ambayo ingevumilia balaa hilo. Waigizaji walifungua vinywa tu, kila mmoja kwa lugha ya kwao, na kuna waliohesabu moja mpaka kumi huku wametoa macho ya huzuni. Sauti zilitiwa baadaye, ndani ya chumba kisicho na dirisha, na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Ruolan alikuwa na uso wa kumsahaulisha mtu njia ya kwao, lakini koo lake lilikwisha kukaushwa na sigara. Basi yeye akitoa machozi, Sau-han alitoa kilio. Jarida moja likaandika kwamba Ruolan ana sauti ya asali. Sau-han alilisoma saluni, akalirudisha mezani kifudifudi na kumwambia msusi kwamba amebadili mawazo, hataki nywele za mtindo ule tena.

Sasa studio hiyohiyo ilikuwa imempa mumewe, Lo Kam-shing, nafasi yake ya kwanza ya kuwa shujaa wa filamu. Kwa miaka minane Kam-shing alikuwa akianguka kutoka juu ya mapaa kwa niaba ya mastaa, amevaa nguo zao, uso ameuficha asijulikane. Safari hii angejulikana. Na wa kupendana naye kwa siku arobaini za kupiga picha alikuwa nani kama si Ruolan. Sau-han aliuliza wanakaa wapi wakati wa mapumziko, wanakula nini, nani anamfunga huyo dada mkanda wa upanga. Kam-shing alijibu kwamba ni kazi tu, akaendelea kuchua goti lake.

Siku ya kutia sauti kwenye tukio la kivuko walikuwa watatu chumbani. Mjomba Tam, mkubwa wao, alikaa na vifaa vyake. Ngau, jamaa mnene mwenye mfuko wa karanga, ndiye aliyekuwa sauti ya Kam-shing, maana filamu zilisema Kimandarini, na cha Kam-shing kilinuka kijiji.

"Shemeji, leo mimi ndiye mume wako," Ngau alimtania, akikung'uta maganda kifuani. "Usinione tumbo, funga macho usikilize."

Taa zikazimwa. Shujaa alikuwa akimuaga binti wa jenerali kwenye kivuko chenye ukungu wa kutengeneza, na uso wa Kam-shing ulijaa ukuta mzima, nyusi, kovu la kidevuni na kila kitu. Kwenye karatasi maneno yake yalikuwa: *Ukivuka mto huu, sitakuwa tena na sababu ya kuubeba upanga.* Sau-han alikohoa kidogo kusafisha koo, akasubiri zamu yake. Halafu akaitazama midomo ya mumewe.

Ngau aliitazama midomo ili ajue inafunguka lini na inafunga lini. Sau-han aliisoma. Miaka tisa ya vinywa bubu ilikuwa imemfundisha, na sokoni alijua wanawake wa ng'ambo ya barabara wanamsema nini. Kam-shing, macho yake yamezama ndani ya macho ya Ruolan, alikuwa akisema kwa Kikantoni cha nyumbani, polepole, "Umekula? Nimekuachia supu."

Maneno yale yalikuwa ya nyumba yake. Kam-shing hakuwahi kumwambia kwamba anampenda, na yeye hakuwahi kudai. Lakini kila jioni aliporudi kazini, mtu huyu aliyejaa michubuko aliinua kichwa na kumuuliza hivyo, kwa sauti ileile na kwa macho yaleyale. Ndio utamu wote aliowahi kupewa, na ulimtosha. Kama angemwita Ruolan mwezi na nyota, Sau-han angecheka, kwa kuwa mwezi na nyota ni mambo ya filamu. Kampa supu! Aliona wivu.

Na hakupewa hata nafasi ya kugeuza uso. Kipande cha filamu kilikuwa kimeunganishwa ncha kwa ncha, kinazunguka na kurudi mpaka sauti ikae sawa. Kam-shing alimwuliza yule mwanamke kama amekula, akamwambia amemwachia supu, kisha akaanza upya. Mara ishirini na tatu. Kila mara Ruolan alitetemesha kope, na kila mara ilibidi Sau-han amtilie pumzi ya mapenzi.

Mara ya ishirini na nne akaweka karatasi chini.

"Midomo imekataa," alisema.

Mjomba Tam akawasha taa. Katika miaka tisa Sau-han alikuwa ametamka hivyo mara nne, na mara zote nne alikuwa sahihi.

"Imekataa kweli?"

"Maneno marefu, mdomo unafunga mapema. Watu watacheka, Mjomba."

Ngau alisema mbona yeye anaona imekaa vizuri. Akaambiwa ale karanga zake. Mjomba Tam alimpigia simu mkata filamu palepale: uso wa mwanamume utolewe, iwekwe ile picha iliyopigwa kutoka nyuma yake, yenye kisogo chake na uso wa binti. Kisogo hakina midomo. Walimaliza tukio kwa mizunguko miwili, na Sau-han, tusimfiche, aliona raha. Alitoka pale akitembea kama mtu aliyelipiza.

Jioni Kam-shing alimuuliza kama amekula. Akajibu ameshiba. Kesho yake tena ameshiba, na mpaka siku ya tisa alishiba vilevile. Kam-shing alitazama sufuria, akamtazama yeye, akadhani ni ugonjwa na kwenda kumnunulia mizizi ya kuchemsha. Sau-han alimchunguza akipiga mswaki, akifunga viatu, akizungumza na jirani ngazini, akiisoma ile midomo isije ikaponyoka jina. Hakumuuliza kitu. Aliyekosa akijishtaki mwenyewe ndiyo raha, hivyo ndivyo alivyojiambia, na kiburi hicho alikilea kama mtoto.

Pale studio kulikuwa na desturi kwamba filamu ikiisha, staa humpelekea keki yule anayemtilia sauti, ili sauti isije ikamkimbia. Ruolan alikuja chumba cha sauti na boksi la keki za yai, bado za moto, akakaa kwenye kiti cha Ngau bila kukaribishwa.

"Dada, mumeo nusura atufukuzishe kazi sote," alisema kwa lile koo lake la mikwaruzo. "Pale kivukoni tumerudia mara kumi na moja. Ananitazama kama mtu aliyekuja kukata umeme. Mwongozaji akatukana mpaka sauti ikakauka, mwisho akamwambia, bwana, hakuna anayekusikia, mwambie huyu binti kile unachomwambia mkeo nyumbani."

Sau-han alikuwa ameshika keki na haipeleki popote.

"Akafumba macho kidogo, halafu akafumbua. Mara moja tu, ikatosha. Mwongozaji akashika kichwa. Nikauliza vijana kasema nini, mimi Kikantoni sijui, wakaniambia." Ruolan alitafuta kiberiti ndani ya mkoba. "Nilikuonea wivu, dada, nakwambia kweli. Mimi nikirudi nyumbani nakuta barua za mashabiki."

Sau-han aliteremka ngazi mbio mpaka chumba cha mkata filamu, hana hata viatu vya nje. Mzee alikuwa anakunywa chai. Sau-han alimwambia kwamba picha ya uso inarudi, midomo imekubali, alikosea. Mzee yule alimtazama kwa mshangao. Nakala zilikuwa zimechapwa tangu juzi, na mabaki yote yamekwenda kuyeyushwa. Akamuuliza tangu lini yeye anakosea.

Jumamosi alasiri walikwenda sinema watatu. Mama yake Kam-shing alikuwa ametoka kisiwani na meli ya asubuhi, amevaa bangili ya jiwe la jedi iliyotunzwa kwa ajili ya mazishi na harusi. Sau-han alikuwa na siku nne za kumwambia mumewe, na kila siku alifungua kinywa akakifunga. Wakati wa mapigano uso wa Kam-shing ulipita ndani ya vumbi, chini ya kofia, upande upande. Mama alilalamika kwamba haoni kitu.

"Subiri kivukoni, mama," Kam-shing alimnong'oneza. "Hapo utaniona vizuri."

Kivuko kikaja, na ukungu wake. Ukaja uso wa Ruolan, machozi yakiwa yamesimama machoni. Mbele yake kulikuwa na kisogo na bega. Sauti ya Ngau ikasema habari za mto na upanga, sauti ya Sau-han ikajibu, na wanawake wa safu ya nyuma wakaanza kupenga makamasi. Kisha kivuko kikaisha.

"Ndiyo hapo?" mama aliuliza. "Yule aliyesimama mbele akamziba binti wa watu ni nani?"

Kam-shing alimwinamia mkewe, na hata katika giza lile Sau-han aliona midomo yake kabla ya kusikia sauti.

"Wamenikata. Nilicheza vibaya kiasi hicho?"

Hapo angeweza kumlaumu mwongozaji. Angeweza kumlaumu Mjomba Tam, au mkata filamu.

"Ulicheza vizuri kuliko wote," alisema. "Ni mimi niliyekukata. Nilisoma ulichokuwa unamwambia yule mwanamke, nikawaambia midomo imekataa."

Alieleza yote kwa kunong'ona, keki, kiburi, siku tisa za kushiba, huku mama akiwaambia wanyamaze. Kam-shing alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akautoa mkono wake kwenye mkono wa kiti, akauweka juu ya goti lake mwenyewe.

"Tunalala kitanda kimoja," alisema. "Ungeniuliza."

Filamu ilikuwa imebakiza dakika arobaini, na kule mbele sauti ya Sau-han iliendelea kumwambia Kam-shing kwamba itamngoja miaka kumi.