Anwani Moja Tu

Asubuhi hiyo Sifuna alifungua kompyuta dukani kwake Lurambi ili amwone mama yake, na skrini ikabaki nyeusi.

Mama yake, Nasimiyu, aliishi peke yake kwenye shamba la mahindi huko Likuyani, mbali na duka. Usahaulifu ulikuwa umemshika, hata simu hakujua tena kuitumia. Aliweza kuwasha moto akauacha, au akatoka kwenda kumwita mume aliyezikwa zamani aje ale. Sifuna, fundi wa kompyuta, alimfungia kamera jikoni na sebuleni. Halafu, kwa kuwa hakukiamini hata kivuli chake, akaweka faiawoli yake mwenyewe, kisanduku cha kuwazuia wezi wa mtandaoni. Alikiagiza kimfungulie mtu mmoja tu: anayetoka kwenye anwani ya intaneti ya duka lake, ile ya kudumu aliyouziwa na kampuni ya mtandao. Wengine wote wafukuzwe. Akatembea Lurambi kifua mbele.

Sasa kampuni ilikuwa imebadilisha mitambo, na duka likapewa anwani nyingine bila taarifa. Kisanduku kule Likuyani kikamwona bwana wake ni mwizi kama wezi wengine. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Akaipigia simu kampuni.

"Intaneti yako iko sawa," msichana wa huduma akamwambia.

"Najua. Ila anwani yangu mmeibadilisha, na nyumbani siwezi kuingia. Nirudishieni ile ya kudumu."

"Hicho kisanduku kinachokuzuia ni chetu?"

"Ni changu."

"Basi hapo hatuhusiki. Lalamiko la anwani nimelipokea. Subiri."

Akasubiri. Angeweza kumpigia Jescah, ambaye shamba lake lilipakana na la mama, lakini angeanzia wapi? Kule kwao jirani huingia jikoni bila kubisha, akajichotea chumvi au unga, akakaa kidogo, na kesho huchotewa yeye. Sifuna alilelewa katika mambo hayo. Ila kamera zilipokuwa mpya alimwona Jescah akitoka na bakuli la unga, akampigia simu papo hapo: "Mama, rudisha huo unga." Jescah akaurudisha. Tangu siku hiyo hakuna jirani aliyekanyaga jikoni humo. Sifuna alitazama skrini, akaona nyumba imetulia, akafurahi, mjinga yule.

Ikafika adhuhuri. Kampuni ikasema lalamiko linashughulikiwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na ya karibu Sifuna aliivunja mwenyewe. Akameza aibu, akampigia Jescah.

"Mama, nilikukosea. Nisamehe. Naomba ukamwangalie Mayi, mama yangu."

"Si wewe unamuonanga kwa hiyo kitu yako?"

"Leo simwoni."

Jescah akasema, "Ngoja," na hakukata simu. Sifuna alisikia majani ya mahindi yakichakarika, pumzi za mama mzee anayeharakisha, halafu kimya cha mlangoni.

"Hodi," Jescah akasema. Akangoja. "Hodi, Mama Sifuna."

Mlango ule Jescah hakuwahi kuupigia hodi maisha yake yote. Sifuna aliona haya mpaka machozi yakamtoka.

"Ingia, mama," akasihi kwenye simu. "Ingia tu."

Mlango ukalia. Kitu kikaanguka, pengine sufuria. Kisha sauti ya Jescah ikarudi, ndogo sana.

"Sifuna. Mama yako ameanguka hapa kwa meko. Amekuwa baridi."

Sifuna alikaa chini sakafuni, nyuma ya meza ya duka, simu sikioni. Upande wa pili Jescah alikuwa analia.

"Asubuhi nilimsikia akiita," akasema. "Aliita sana. Nikasema mtoto wake anamuona, nikiingia ataniita mwizi tena. Nikaendelea kupalilia."